Majitaka ya Viwanda Yasafishwe Kabla ya Kufika Ziwani

Alfajiri hapa Nansio, akina mama tunateremka ufukoni na ndoo. Mmoja anachota maji ya kunywa, mwingine anafua, mwingine anaosha dagaa. Kisiwa chetu cha Ukerewe kimezungukwa na maji, na meli ya Mwanza hutuletea sukari, sabuni na khanga. Je, tumewahi kujiuliza ziwa lenyewe linatuletea nini?

Miaka ya 1990, viwanda vya minofu ya sangara viliongezeka Mwanza. Kiwanda cha samaki hutumia maji mengi, nayo hutoka yakiwa na damu na mafuta. Mtu atasema, "Damu ya samaki si sumu!" Ni kweli. Lakini bakteria wanaoiozesha huimaliza oksijeni ya maji, na samaki hukosa pumzi. Mabaki yake huwa mbolea ya magugumaji na mwani, na mwani wa aina fulani hutoa sumu.

KUCHEMSHA HAKUTOSHI

Tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa, na tusiache, maana moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini moto hauondoi sumu ya mwani, wala kromiamu, dawa itumikayo katika viwanda vingi vya ngozi. Kwa hiyo ulinzi wa watoto wetu hauwezi kuanzia kwenye sufuria. Lazima uanzie kiwandani.

YANASAFISHWAJE?

Kazi yenyewe si ngeni kwa mama wa nyumbani. Kwanza maji hupitishwa kwenye wavu, kama chai kwenye chujio, ili magamba na vipande vya nyama vibaki. Kisha huachwa yatulie: mafuta huelea kama kwenye mchuzi uliopoa, yakaenguliwa, na tope huzama. Kromiamu hutiwa chokaa ili nayo izame, isitoke na maji.

Baadaye maji huingia katika mabwawa. La kwanza huwa na kina kirefu, na bakteria wasiohitaji hewa hula uchafu. Yanayofuata huwa na kina kifupi. Humo jua huua vijidudu vingi. Mwishoni maji yaweza kupitishwa katikati ya matete na mafunjo, ambayo hufyonza sehemu ya mbolea iliyobaki.

Sheria ipo. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na ya rasilimali za maji, ya mwaka 2009, inadai kibali cha kumwaga majitaka. Kinachohitajika ni kuisimamia.

NA SISI JE?

Si viwanda peke yake. Vyoo vya mijini, mbolea za mashambani na povu letu la sabuni huishia ziwani pia. Basi tufulie mbali na maji, tumwage povu kwenye nchi kavu. Tukiona utando wa kijani juu ya maji kama rangi iliyomwagika, tusichote hapo, na watoto wasiogelee. Tukiona samaki wengi wamekufa au maji yamebadilika harufu, twende pamoja kwa mtendaji tukaeleze siku na mahali.

Mama mmoja akilalamika, huenda asisikilizwe. Tukifika kumi na ndoo zetu, ni nani atatufungia mlango?