Mshipa wa moyo unapozibuliwa, kisha ukaziba tena

Mgonjwa akirudi nyumbani baada ya kuzibuliwa mshipa wa moyo kwa puto, jamaa na majirani huja kumjulia hali na kumshukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha. Mara nyingi huwa yamekwisha kweli. Lakini wapo ambao miezi mitatu au minne baadaye, wakipanda ngazi, kifua huanza kubana vilevile kama zamani. Familia hubaki ikijiuliza: daktari alikosea? Au mzee amekuwa akila nyama ya mafuta kisirisiri?

Huenda si hilo wala si lile.

Katika tiba hii, mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja au wa mkono hadi moyoni. Nchani mwake mna kiputo ambacho kikifika mahali palipoziba hujazwa maji kwa nguvu, kikayakandamiza mafuta ukutani mwa mshipa, na damu ikapata njia. Daktari Andreas Grüntzig, Mjerumani, aliifanya kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa aliye macho mjini Zürich, Uswisi, mnamo Septemba 16, 1977. Mgonjwa huyo alipochunguzwa tena miaka 23 baadaye, mshipa ulikuwa ungali wazi.

Si wote waliobahatika hivyo. Mshipa si bomba la chuma. Ni kitu kilicho hai. Ukishatanuliwa, hutaka kurudi ulivyokuwa, kama mpira uliovutwa ukaachiliwa. Isitoshe, puto huupasua ukuta wake kwa ndani, na mwili ukiona jeraha hauulizi limetiwa na nani au kwa nia gani. Huliponya tu. Chembechembe za misuli ya ukuta huzaana na kusogea ndani, kovu likaota, kisha mshipa wenyewe ukajikunja. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika miezi sita ya kwanza. Enzi za puto pekee, iliwapata wagonjwa 30 hadi 40 katika kila 100.

Mwaka wa 1986, mjini Toulouse, Ufaransa, ndipo wavu mdogo wa chuma uitwao stenti ulipoanza kuachwa ndani ya mshipa wa moyo ili kuutegemeza. Wavu ulizuia mshipa kurudi nyuma, lakini haukuzuia kovu, ambalo liliota likapenya katika matundu yake. Suluhisho lilitoka mbali: sirolimasi, dawa iliyotokana na vijidudu vya udongo wa kisiwa cha Rapa Nui na iliyokuwa ikipewa waliobadilishiwa figo. Stenti iliyopakwa dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2003, na wanaozibiwa tena sasa hawafiki hata 10 katika 100. Wenye kisukari, hata hivyo, wangali hatarini zaidi.

Kwa hivyo maumivu yakirudi, yasifichwe kwa kuwaonea haya watoto waliochanga pesa. Mshipa ulioziba tena huweza kuzibuliwa tena.

Tembe ni jambo jingine. Aspirini na klopidogreli hazizuii kovu. Huzuia damu isigande ghafla ndani ya stenti, jambo linaloweza kuua kwa muda mfupi mno. Hata ukiambiwa uziache ili ung'olewe jino, mpigie simu kwanza daktari wako wa moyo.