Kalamu ya Mengi na Daftari la Soni

Miongoni mwa vitabu vinavyosomwa kwa hamu zama hizi, wasifu wa matajiri una nafasi ya mbele. Na ajabu yake ni kwamba wengi wanaoufungua kwa tamaa ya kujua siri ya mali huufunika wakiwa wamewaza zaidi juu ya wazazi wao, shule walizosoma na maduka waliyopanga foleni, kuliko juu ya tajiri mwenyewe. Tajiri Reginald Abraham Mengi alizaliwa Machame, chini ya Kilimanjaro, wala hakuwa Msambaa. Lakini tangu alipotoa kitabu cha maisha yake, I Can, I Must, I Will, mwaka 2018, na zaidi baada ya kufariki kwake Dubai tarehe 2 Mei 2019, nimesikia habari zake zikisimuliwa huku Lushoto kwa namna ambayo jina la tajiri hutajwa mwanzoni tu, kisha mazungumzo yakawa ya wasimulizi wenyewe.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi, alimweleza Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya Wasambaa, akawagawia watu nyama nao wakampa vyakula vya mashambani, hata mwisho akatawazwa kuwa mfalme wao huko Vugha. Na hadi leo mzee asimuliapo habari hiyo hakosi kuingiza babu yake, shamba la ukoo wake na njaa aliyoiona kwa macho. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyechuuza vyungu kabla sauti yake haijamfikisha Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Na ni nani aliyelelewa na mama mchuuzi akausoma wasifu huo asimkumbuke mamaye?

Katika habari za Mengi, sehemu inayotugusa watu wa rika langu ni ile ya kalamu. Alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza, akarejea nchini mwaka 1971, akapanda hata kuwa mkuu wa Coopers & Lybrand hapa Tanzania. Mnamo miaka ya 1980, nchi ilipokuwa imebanwa na gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni, hata kalamu ya wino ikawa bidhaa ya kutafutwa. Naye akaanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake kwa vipuli vilivyotoka Kenya. Huo ndio mwanzo uliozaa viwanda vya kampuni yake, IPP, na mwaka 1994 kituo cha televisheni cha ITV, ambacho ni miongoni mwa vya kwanza Tanzania Bara.

Asomapo hayo mtu ambaye miaka ile alikuwa mtoto wa shule ya msingi katika milima ya Usambara, hawezi kupita upesi. Kalamu yetu ilikuwa na mrija mwembamba wa wino ndani ya ganda la plastiki. Baridi ya Juni na Julai ilipokaza, wino uligoma, basi mtoto akauchomoa mrija kwa meno, akausugua baina ya viganja, akaupulizia pumzi ya moto, kisha akachora vizingo pembeni mwa daftari mpaka ncha ikakubali kuandika. Wino ulipokwisha, ganda halikutupwa, bali lilichomekwa kipande cha kalamu ya risasi kilichokuwa kimechongwa hata hakishikiki tena. Hatukujua kwamba huko Dar es Salaam alikuwako mtu aliyeiona dhiki hiyohiyo akaihesabu kuwa ni soko.

Tena kalamu hunirejesha kwa marehemu baba, ambaye siku za gulio la Soni hakutoka bila daftari. Aliandika idadi ya matenga ya kabichi na karoti, nauli ya kuteremka Mombo, na fedha aliyokabidhiwa na dalali. Na pembeni aliandika neno moja, lumbesa, yaani gunia lililojazwa hata kuupita mdomo wake, likafumwa kilemba cha kamba juu, nalo likalipwa bei ya gunia la kawaida. Kwa miaka mingi nilidhani zile zilikuwa karatasi za mtu maskini anayehesabu senti zake. Sasa, niliposoma jinsi mhasibu wa Machame alivyopiga hesabu ya kila kipuli, naliona daftari lile kuwa ni vitabu vya biashara kwa maana kamili.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wanasema kwamba watu waliokwisha kuvuka umri wa utu uzima wa mwanzo hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya baina ya miaka 10 na 30 kuliko ya miaka mingine, kwa kuwa aghalabu ndiyo miaka ya mambo ya mara ya kwanza: shule, kazi, ndoa, kuhama kijiji. Wasifu wa mtu mashuhuri huja na tarehe zinazojulikana na wote, mathalan vita, foleni za sukari, msako wa wahujumu uchumi wa 1983, na kulegezwa kwa biashara alipoingia madarakani Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka 1985. Na msomaji, aonapo tarehe, hutafuta alikuwa wapi yeye siku hizo.

Walakini kumbukumbu isituhadae. Habari za matajiri hupenda kuonyesha kwamba dhiki ndiyo iliyowafundisha, na msomaji huweza kuhitimisha kwamba aliyebaki maskini hakujituma. Baba alikuwa na dhiki, bidii na hesabu. Asichokuwa nacho ni elimu ya ng'ambo, cheo cha kuaminiwa na wenye mikopo, makazi katika mji wenye bandari, na neno la mwisho katika bei ya gunia lake. Mengi alijituma, hilo halina shaka, lakini juhudi yake ilikuta mlango, ilhali ya wakulima wengi wa Usambara iliishia mikononi mwa dalali. Hivyo kitabu huamsha kumbukumbu, na kumbukumbu nazo zina haki ya kukijibu kitabu.

Kwa sababu hiyo, amsomaye tajiri na asome na kalamu mkononi, akiandika si mawaidha yake tu, bali bei, vipimo, nauli na majina ya mazao ya nyumbani kwao, maana humo ndimo historia ya uchumi wetu ilimo, nayo haimo katika hesabu za makampuni. Mengi aliwahi kuyaandika ya kwake kabla ya mauti. Wakulima na wachuuzi wa Soni, Mlalo na Bumbuli walio wengi hawakuwahi, na deni hilo ni la watoto wao waliopelekwa shule kwa fedha ya kabichi.