Skrubu Iliyotuaibisha Tseikuru

Msomaji mpendwa, huenda ukaniona mtu asiye na shughuli ninapoitumia safu nzima kuzungumzia kipande cha chuma kisichofikia ukubwa wa punje ya mtama. Nivumilie. Kipande hicho kilinifunza, mwaka wa 2024, jambo ambalo shahada yangu ya ualimu haikuwa imenifunza, na kwa kuwa wengi wa wasomaji wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi, sioni sababu ya kulificha.

Nafundisha fizikia katika shule moja ya upili huku Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, mahali ambapo ukizidi kusonga mbele utaufikia Mto Tana, na ng'ambo yake ni Tharaka. Mito yetu midogo ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maji hufukuliwa chini ya mchanga huo, na mara nyingi wanaoyafukua na kuyapandisha hadi ukingoni ni watoto, kwa punda wakibahatika kuwa naye, kwa mgongo wasipobahatika. Msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyeifanya kazi hiyo tangu utotoni, aliwaza kuunda kigari kinachoongozwa kwa rimoti, kivute dumu la maji kutoka kisimani hadi ukingoni bila mtu kuukanyaga mchanga wa moto. Kwa maonyesho ya sayansi angeunda mfano tu, wa kuvuta lita moja.

Mota na redio alivitoa katika gari la kuchezea la mtumba ambalo mjomba wake alilinunua Gikomba. Fremu aliichonga kwa mbao za kreti, magurudumu akayavisha vipande vya tairi kuukuu. Ukiwajua watoto wa vijiji vyetu, ambao huunda magari ya waya wakichunga mbuzi, hutashangaa kwamba kazi hiyo ilipendeza. Juu ya saruji ya darasa kigari kilikwenda mrama mrama, lakini kilikwenda. Tulipokifikisha mchangani, magurudumu yalisimama huku mota ikiendelea kulia kwa sauti nyembamba ya kukera. Tukakiinua tukachungulia. Shafti ya mota ilikuwa ikizunguka, ila ile gia ndogo iliyovishwa kwenye ncha yake ilikuwa imetulia tuli, kama mgeni asiyehusika na vita vya nyumba hiyo.

Aliniuliza, "Mwalimu, tufanyeje?" Nami, bila kufikiri hata dakika moja, nikamjibu atie supaglu.

Naungama hapa hadharani kwamba ushauri ule ulikuwa wa kijinga. Gundi ile huwa ngumu na kavu kama kioo. Haistahimili mtetemo wala kuvutwa huku na huko. Usiku ule ilishika. Siku ya maonyesho ilishika kwa dakika tatu, kisha ikapasuka mbele ya waamuzi. Baya zaidi ni kwamba tone moja lilikuwa limetiririka kwenye shafti hadi ndani ya mota, likaigandisha. Pakatokea harufu ya waya ulioungua. Waamuzi waliandika walichokiona, na siwezi kuwalaumu.

Msichana hakulia. Alikifunga kigari chake katika leso, akaketi karibu nami ndani ya matatu, na tulipokuwa tukiipita Kyuso akasema kwa utulivu, "Mwalimu, mwakani tukichagua masomo nitaiacha fizikia. Nadhani si yangu." Nimefundisha miaka mingi na nimewahi kusikia maneno makali kuliko hayo, lakini hayo yalinikosesha usingizi, maana nilijua si fizikia iliyomwangusha.

Jumamosi iliyofuata nilikipeleka kigari kwa mzee anayetengeneza baiskeli chini ya mti pale sokoni, naye msichana nikamwomba anifuate. Mzee alikigeuza mkononi, akakwangua gia kwa ukucha, akauliza, "Na hili tundu, mwalimu, ni la nini?" Ubavuni mwa gia palikuwa na kitundu kilichojaa uchafu. Ndani yake mlikuwa na skrubu ndogo isiyo na kichwa, imezama yote, pembe sita za tundu lake zikiwa zimekwisha hadi zikawa duara. Mimi, mwenye cheti cha fizikia, nilikuwa nimekiona kitundu kile wiki nzima nikadhani ni kasoro ya kiwandani.

Mzee hakucheka. Alichukua baiskeli ya Black Mamba iliyokuwa imelazwa karibu, akagonga kota pini ikatoka, akampa msichana aishike. Kota pini, kwa wasioijua, ni ule msumari mnene unaoshikilia mkono wa pedeli kwenye ekseli yake. Upande wake mmoja umechongwa ukawa bapa, na ekseli nayo ina pahali bapa pa kuupokea. "Chuma cha mviringo hakikubali kubembelezwa, mwanangu," alimwambia. "Kitafutie pahali bapa."

Hapo ndipo fizikia yangu ilipoamka usingizini. Shafti ya mota ile ina kipenyo cha takriban milimita 3.2, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 1.6 tu. Gia yenyewe, kutoka katikati hadi menoni, ilikuwa kama milimita 8, mara tano ya hapo. Mchanga ukiyazuia meno kwa nguvu ya niutoni 10, basi pale gia inapokutana na shafti panahitajika niutoni 50 ili isiteleze. Na mota ya aina hii hutoa nguvu yake kubwa zaidi ya kuzungusha wakati inapozuiwa isizunguke, jambo ambalo mchanga hulifanya kwa ufundi mkubwa. Skrubu inayobonyeza uso wa mviringo haina silaha ila msuguano. Ikikaa juu ya uso bapa, shafti haiwezi kugeuka ndani ya gia bila kwanza kuisukuma skrubu itoke nje, na nyuzi za skrubu haziruhusu hayo kwa urahisi. Kanuni hii naifundisha kila mwaka, kwa ubao na chaki. Sikuwahi kuiona ikikaa ndani ya kitundu chenye uchafu.

Wazee wetu nao waliijua kazi ya kukaza, tena bila skrubu. Litazame shoka la jadi: mkia wake mwembamba unaingia katika tundu la mpini wenye kichwa kinene, na kila pigo linazidi kulikaza.

Tulipata mota nyingine ya aina hiyo kwa fundi wa redio mjini Mwingi, pamoja na skrubu mpya. Safari hii sikutoa ushauri, nilishika tochi. Msichana aliifunika mota kwa kitambaa na gundi ya karatasi, akaielekeza shafti chini ili unga wa chuma uanguke mbali, kwa kuwa sumaku za ndani huuvuta unga huo na mota ikaharibika tena. Alisugua kwa tupa nyembamba hadi akapata bapa la kina cha nusu milimita hivi, lakini hakulifikisha kwenye ncha. Alibakiza kipande cha mviringo ili hata skrubu ikilegea kidogo gia isiponyoke. Akasafisha mafuta yote kwa spiriti. Aliivisha gia akaigeuza polepole, skrubu ikiwa imegusa kidogo tu, mpaka alipohisi imelikuta bapa. Kisha akaikaza kwa kijiufunguo cha pembe sita cha milimita 1.5, kile ambacho mafundi hukiita aleni kii. Mzee alimfunza kwamba ncha yake ikichakaa haifai kulazimishwa. Hukatwa kidogo ili pembe mpya zijitokeze.

Gundi ilitumika pia, ila ya jamii nyingine, tone moja kwenye nyuzi za skrubu. Hii ni ile ambayo profesa wa kemia Vernon Krieble wa Chuo cha Trinity, mjini Hartford, Marekani, aliivumbua mwaka wa 1953. Hubaki maji ikiwa na hewa, na huganda inapokosa hewa ikiwa imebanwa kati ya chuma na chuma. Ya rangi ya buluu hufunguka kwa ufunguo wa kawaida. Nyekundu mara nyingi hudai moto. Mwisho aliweka kipande cha karatasi kati ya gia ndogo na kubwa, akazisogeza zikutane, akafunga mota, akachomoa karatasi. Nafasi iliyobaki ndiyo meno yanayohitaji kupumua.

Sasa niseme linaloniwasha. Mtihani wetu wa vitendo katika fizikia humtaka mtoto apime mwendo wa timazi, lenzi na saketi. Ni vyema. Lakini mtoto aweza kupata alama zote hizo asijue skrubu inakaaje. Gredi ya 7 ilipoanza mwaka wa 2023 chini ya Mtaala wa Umilisi, ikaja na somo la awali la kiufundi, nami nilifurahi. Hata hivyo nimeona madaftari yenye michoro mizuri ya tupa na bisibisi, rangi zimepakwa vizuri, na mwenye daftari hajawahi kuishika tupa. Walimu wenzangu, wazee wa sokoni tunawapita kila asubuhi tukienda kufundisha. Kumwalika mmoja wao darasani kwa kipindi kimoja kuna gharama gani?

Kigari kile kiliuvuka mchanga mnamo Oktoba, na lita yake moja, bila waamuzi wala cheti. Kilikwama mara mbili, magurudumu yakachimba. Mota ilinyamaza pamoja na magurudumu, na tukajua gia imeshika. Mwaka wa 2025 msichana alipochagua masomo, aliandika fizikia. Ile aleni kii ameifunga kwa uzi kwenye kalamu yake. Nimemwomba aniazime mara mbili, na mara zote mbili ameniuliza, kwa heshima zote, nitairudisha lini.