Kijana akibadilika ghafla: namna familia na kanisa wanavyoweza kumsaidia

Kijana wa miaka 15 aliyekuwa akiimba kwaya anaacha kwenda kanisani. Anarudi usiku, akiulizwa hajibu, na madaftari yake yamelala chini ya kitanda. Mama anasema ni marafiki wabaya. Baba anasema ni ukaidi. Jirani anasema ni pepo. Yeye mwenyewe bado hajaulizwa.

Hali hii inajulikana katika nyumba nyingi za Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na makazi mengine ya wakimbizi nchini Uganda. Wenyeji wanaoishi jirani nao wanaifahamu. Makala hii inaeleza nini kinaweza kuwa nyuma ya mabadiliko hayo, na wazazi Wakristo wafanye nini.

Kwa nini anahangaika?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa kijana mkimbizi mizigo huongezeka. Huenda aliona vita au alipoteza ndugu njiani. Aliyesoma kwa Kifaransa huko Kongo au Burundi anaweza kurudishwa madarasa ya chini kwa sababu hapa wanasoma kwa Kiingereza, akakaa dawati moja na watoto wa miaka 10.

Kuna mzigo mwingine tusiouona. Watoto hujifunza lugha upesi kuliko wazazi. Kwa hiyo kijana huitwa kutafsiri hospitalini na ofisini, anasikia magonjwa na shida za wakubwa, kisha akifika nyumbani anaambiwa anyamaze kwa kuwa ni mtoto. Chakula kikipungua na karo ikikosekana, anaanza kujiona kuwa yeye ndiye mzigo.

Somo la Eliya

Kitabu cha 1 Wafalme, sura ya 19, kinasimulia jinsi nabii Eliya alivyomkimbia Yezebeli aliyetaka kumuua. Alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Baadaye ndipo Mungu alimuuliza swali na kumsikiliza, kisha akampa Elisha awe mwenzake.

Tuangalie mpangilio huo: chakula na usingizi, kusikilizwa, kisha mwenzi na kazi. Wazazi wengi tunaanza na kukemea. Kijana aliyekata tamaa anahitaji sala, lakini pia anahitaji mtu wa kumuuliza na kungoja jibu.

Nyumbani

- *Zungumzeni mkifanya kazi.* Vijana wengi huona aibu kuketishwa mbele ya wakubwa. Wakati wa kuchota maji au kupalilia, maneno hutoka kwa urahisi.
- *Uliza, kisha nyamaza.* Sema: “Mwanangu, naona siku hizi huna furaha. Nini kinakusumbua?” Usimkatize kwa kumweleza ulivyoteseka wewe.
- *Usigeuze sala kuwa fimbo.* Kutaja makosa yake kwa sauti katika sala ya familia, wadogo zake wakisikia, ni kumwaibisha. Muulize angependa aombewe nini.
- *Weka sheria bila kupiga.* Wengine hutaja fimbo ya Mithali, lakini barua kwa Waefeso inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Kubalianeni saa ya kurudi na kazi za nyumbani wakati hakuna mwenye hasira.
- *Mpe mtu mzima mwingine.* Zamani shangazi au mjomba ndiye aliyesikiliza. Kama walibaki nyuma, kijana amchague mtu anayemwamini, na wakutane mahali ambapo watu wanawaona.

Kanisani

Mchungaji huwa mtu wa kwanza kuitwa, hivyo neno lake lina uzito. Aombe na kumtembelea, lakini asimfunge kamba, asimlazimishe kufunga chakula, wala asimwambie aache dawa za kifafa au za ugonjwa wa akili. Kwenda kituo cha afya si kukosa imani. Luka, anayetajwa katika Biblia kama mwenzake Paulo, alikuwa tabibu.

Siri ya kijana isiwe ushuhuda wa Jumapili. Lakini akisema kuwa amebakwa au anatendewa ukatili, hata kama mtuhumiwa ni ndugu au kiongozi wa kanisa, jambo hilo lisimalizwe kwa kikao cha familia. Linapaswa kufika polisi na kituo cha afya haraka. Kwa aliyebakwa, dawa za kuzuia VVU huanza kutumika kabla ya saa 72 kupita.

Wakati wa kutafuta msaada haraka

Usisubiri ukiona kijana halali au hali kwa wiki mbili, amezama katika pombe, anajikata mwili, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anagawa vitu vyake, au anasema ni heri afe.

Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humwonyesha kuwa kuna mtu anayeweza kulisikia jibu. Usimwache peke yake, na uondoe kamba, dawa za wadudu na vidonge karibu naye. Mpeleke kituo cha afya. Vituo vilivyo ndani ya makazi huhudumia wakimbizi na wenyeji. Mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) anaweza kukuelekeza.

Nchini Uganda, piga bure 116, simu ya kusaidia watoto, au 0800 323232, simu ya msaada kwa wakimbizi. Namba 116 inatumika pia Kenya na Tanzania kwa ajili ya watoto.

Mzazi, huenda nawe umechoka na una majeraha yako. Huhitaji kuwa na majibu yote. Leo jioni, kabla ya sala ya familia, mwite kando umuulize swali moja, kisha subiri jibu. Asipojibu leo, muulize tena kesho.