Vumbi la Udongo wa Mfinyanzi

Dumila, katika wilaya ya Kilosa, ni njia panda: hapo ndipo barabara ya Kilosa inapoachana na ile kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Magharibi yake ipo milima ya Ukaguru, ambako ufinyanzi ni kazi ya wanawake tangu kale. Kazi hii aghalabu hufanyika nyumbani, na watoto wakiwa karibu. Kwa hiyo yafaa kueleza hatari yake moja isiyoonekana kwa macho.

Udongo uliolowa haudhuru kifua. Hatari imo katika udongo mkavu. Ndani yake mna chembe za silika, madini yale yale yaliyo katika mchanga. Udongo ukitwangwa, ukichekechwa, au chungu kikavu kikisuguliwa kabla ya kuchomwa, vumbi huruka. Vumbi nene huanguka upesi au hunaswa puani. Bali lile laini, ambalo chembe yake haifiki hata sehemu ya mia ya milimita, hubaki hewani kwa saa nyingi na huvutwa mpaka ndani kabisa ya mapafu. Huko hutia makovu, na mapafu hukakamaa. Ugonjwa huu huitwa silikosi. Aghalabu huja baada ya miaka mingi, hauna dawa ya kuuponya, tena humfanya mtu awe mwepesi wa kupatwa na kifua kikuu. Mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba vumbi hilo huleta saratani ya mapafu pia.

Basi kinga ni ipi? Kwanza ni maji. Mabonge makavu yasitwangwe, bali yatiwe majini. Yatavunjika yenyewe, kisha tope lichujwe. Magae ya kuchanganya na udongo yanyunyiziwe maji kabla ya kupondwa. Sakafu isifagiliwe kavu, ila ifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Pili ni hewa. Kazi ya vumbi ifanywe nje, na upepo umpitie mfinyanzi ubavuni. Ukimpiga mgongoni, hewa huzunguka mbele yake na kumrudishia vumbi usoni. Wakati wa masika, kazi ihamiapo ndani, chumba kiwe na madirisha yanayoelekeana. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe laini. Yahitajika barakoa iliyotengenezwa kwa vumbi la namna hiyo. Nguo ya kazi nayo ifuliwe, isikung'utwe.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake. Lakini mfinyanzi wa nyumbani hana mwajiri, na methali yasema kwamba mfinyanzi hulia gaeni: vyema huwapa wengine, mwenyewe hujisahau. Asijisahau katika hili. Maji ayatumiayo kufinyangia ndiyo hayo hayo yatakayomkinga.