Kuamini si kufumba macho

NI Jumapili jioni. Familia imerudi kutoka kanisani, chai iko mezani, na kijana aliye likizoni kutoka chuo kikuu anauliza swali linalozima mazungumzo yote: "Baba, wewe wajua kwamba Mungu yuko, au unaamini tu?"

Mama anamkazia macho. Baba anaweka kikombe chini na kusema kwamba maswali ya aina hiyo ndiyo yanayowaharibu vijana huko chuoni. Kijana ananyamaza. Jumapili inayofuata anasema ana kazi ya kusoma, haendi kanisani.

Kisa kama hiki hutokea katika nyumba nyingi za mijini. Wazazi hudhani wameilinda imani ya mtoto wao, kumbe wameifungia mlango. Swali la kijana huyo halikuwa utovu wa adabu. Limewashughulisha Wakristo kwa karne nyingi, na wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Je, kuna tofauti gani kati ya kujua na kuamini? Anayejua ana hakika kwa sababu ameona, amepima au amethibitisha kwa hoja. Mwanafunzi ajua kwamba mbili na mbili ni nne, wala hamtegemei mtu yeyote kwa hilo. Anayeamini hulikubali jambo asiloliona kwa sababu anamtegemea yule anayemwambia. Si ajabu kwamba katika lugha yetu neno imani lina undugu na maneno amana na mwaminifu. Mwenye kuamini ni kama mtu aliyeweka amana yake kwa jirani: hakai akiilinda, bali amemtegemea aliye nayo.

Thomas Aquinas, mtawa na mwanachuoni wa Italia aliyeishi kati ya 1225 na 1274, aliipima tofauti hii kwa makini. Alishikilia kwamba mtu hawezi kulijua na kuliamini jambo lile lile kwa wakati mmoja, maana kilicho wazi machoni hakihitaji tena kuaminiwa. Kwa maoni yake, akili ya binadamu yaweza kufikia kwa hoja kwamba Mungu yuko, lakini fumbo la Utatu Mtakatifu hupokewa kwa imani pekee. Kabla yake, Anselm, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia 1093 hadi 1109, alifundisha kwamba imani ya kweli hutamani kukielewa kile inachokiamini. Wote wawili walitangazwa watakatifu. Maswali hayakuwatoa kanisani.

Hata hivyo, kujua peke yake hakutoshi. Katika waraka wake, Yakobo anawakumbusha Wakristo kwamba hata pepo wanakubali kwamba Mungu ni mmoja, nao hutetemeka. Chukua mfano wa msafiri aliye Nairobi anayetaka kwenda Mombasa. Aweza kujua nauli, saa ya basi kuondoka na kila mji ulio njiani, lakini asipopanda atabaki pale pale kituoni. Kupanda ndiko kuamini. Lakini msafiri mwenye busara hapandi akiwa amefumba macho. Hutazama kama magurudumu yamekwisha na kama dereva amelewa. Kumtegemea dereva hakumzuii kutumia akili yake.

Wakenya tumeona hatari ya kuitupa akili hiyo. Mnamo Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, wakiwemo watoto. Upande wa mashtaka ulieleza kwamba waumini walishawishiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Waliokufa hawakukosa kuamini. Lililokosekana ni nafasi ya kumwuliza mhubiri, "Haya umeyatoa wapi?"

Biblia yenyewe inawasifu waliouliza hivyo. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kuhusu watu wa Beroya ambao, baada ya kumsikia Paulo, waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema yalikuwa kweli. Hawakuitwa wakaidi, bali waungwana. Luka naye anaeleza mwanzoni mwa Injili yake kwamba alichunguza mambo yote kwa usahihi ili Theofilo awe na hakika ya aliyofundishwa.

Na Tomaso je? Wengi humtaja kwa dhihaka, lakini msomaji na alitazame jambo moja. Baada ya kusema waziwazi kwamba hataamini mpaka aone alama za misumari, wenzake hawakumfukuza. Siku nane baadaye alikuwa bado pamoja nao chumbani, na hapo ndipo Yesu alipomtokea. Ni kweli kwamba Yesu aliwaita heri wale wanaoamini bila kuona. Lakini aliyasema hayo baada ya kumwonyesha Tomaso mikono yake, si badala ya kumwonyesha. Lau wenzake wangalimfungia mlango juma lile, angalikuwa wapi?

Basi turudi mezani. Baba angaliweza kujibu hivi: "Mwanangu, sijui kama nijuavyo kwamba chai hii ni moto. Naamini, na nitakueleza kwa nini. Palipo na shaka tutasoma pamoja." Jibu hilo halimpunguzii mzazi heshima. Linamfunza mtoto kwamba imani haiogopi mwangaza, na kwamba siku atakapokutana na mhubiri anayekataza maswali, hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuondoka.

Kijana anayeuliza bado amekaa mezani. Wa kuhofia ni yule aliyekwisha kunyamaza.