Brazil: Keki Iliumuka, Nani Aliila?

Kila tunapodai nyongeza ya mshahara huambiwa: ngojeni kwanza uchumi ukue. Wenzetu wa Brazil waliambiwa hivyo hivyo, na hesabu yao ipo.

Wanajeshi walinyakua serikali mwaka 1964. Viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi waliondolewa, na nyongeza za mishahara zikawa zinapangwa na serikali. Kuanzia 1968 hadi 1973 uchumi ulikua kwa karibu asilimia 10 kila mwaka, ukaitwa muujiza. Hoja ya wakubwa, iliyohusishwa hasa na Waziri wa Fedha Antônio Delfim Netto, ilikuwa kwamba keki iachwe iumuke kwanza, ndipo igawanywe.

Sensa za 1960 na 1970 zaonyesha waliokula. Asilimia 10 ya watu wenye vipato vikubwa walikuwa wakichukua karibu asilimia 40 ya mapato yote. Wakafikia karibu 47. Nusu nzima ya walio chini walishuka kutoka 17 hadi 15. Na mjini São Paulo, penye viwanda kuliko pote nchini, vifo vya watoto wachanga viliongezeka miaka hiyo hiyo, kutoka kama 60 hadi karibu 90 katika kila watoto 1000 wanaozaliwa. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimepungukiwa nguvu ya kununua chakula, na vitongoji vingi vya waliohamia kutoka mashambani havikuwa na maji ya bomba. Mabomba yalipotandazwa katika miaka ya 1970, vifo vilishuka. Wala hapo hapakuhitajiwa muujiza.

Wafanyakazi walikuwa na silaha ambayo sisi twaidharau: takwimu zao wenyewe. DIEESE, idara ya utafiti iliyoundwa na vyama mwaka 1955, ilifuatilia bei. Mwaka 1977 ilionyesha kuwa serikali ilipunja hesabu ya kupanda kwa bei ya 1973, na kwamba mishahara ilidai asilimia 34.1. Mei 1978 wafanyakazi wa kiwanda cha malori cha Scania, São Bernardo, waliingia kazini kama kawaida, lakini hawakuwasha mashine. Migomo ikaenea.

Kiongozi wa chama chao, Luiz Inácio Lula da Silva, aliingia Ikulu mwaka 2003. Kima cha chini kikapandishwa kuliko bei. Familia maskini zikapewa posho kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Pengo la mapato likapungua, ingawa uchumi haukufikia hata nusu ya kasi ya ule muujiza.

Hapa kwetu, ni tawi lipi lenye daftari la bei ya unga?